Jino Likikuuma Ukiwa Japani: Mwongozo Kamili wa Kwenda Kliniki ya Meno kwa Anayetegemea Kiingereza

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kuuma mwezi wa pili tangu nifike Kobe kusoma. Nilikaa nalo wiki tatu nikimeza vidonge, maana Kijapani changu kilikuwa cha salamu tu, na niliogopa kulala mdomo wazi mbele ya mtu nisiyeelewana naye. Nilipokwenda hatimaye, niligundua kwamba lugha haikuwa tatizo kubwa. Kilichonipotezea muda, na kidogo kinipotezee jino, ni kutojua utaratibu: nini kinaanza, nini kinafuata, na kwa nini unaambiwa urudi wiki ijayo wakati jino ni moja. Ukiujua utaratibu huo, Kiingereza chepesi na maneno machache ya Kijapani yanakutosha. Nauandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaokuja kusoma, kufanya kazi, au kumfuata mwenza.

Anza na bima, kabla jino halijauma

Mgeni mwenye kibali cha kuishi Japani kwa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa awe kwenye bima ya afya ya umma. Mwenye ajira ya kudumu huandikishwa na mwajiri wake. Mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe kwenye bima ya taifa, "kokumin kenko hoken", katika ofisi ya jiji au wilaya anakoishi. Fanya hivyo siku ileile unapokwenda kuandikisha makazi yako, jambo ambalo lazima ulifanye ndani ya siku 14 tangu uhamie. Hapohapo waeleze kwamba mwaka uliopita hukuwa na kipato Japani, ujaze fomu ya kutamka hivyo, kwa sababu mchango wa bima hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita na asiye nacho hupunguziwa sana. Wengi hawaijazi fomu hiyo, halafu wanashangaa bili.

Bima hii inagusa na meno. Mgonjwa hulipa asilimia 30, bima inalipa iliyobaki. Bei za matibabu ya bima hupangwa na serikali kwa pointi, na kila pointi ni yeni 10. Kwa hiyo kujazwa jino kwa aina ileile hakutofautiani bei kati ya kliniki ya Tokyo na ya kijijini Niigata. Usihangaike kutafuta kliniki ya bei nafuu. Tafuta iliyo karibu na yenye watu wavumilivu.

Kadi za zamani za bima ziliacha kutolewa tarehe 2 Desemba 2024. Siku hizi kinachotumika ni kadi ya My Number, yaani kitambulisho chenye namba ya mkazi, iliyounganishwa na bima. Unaiweka kwenye kimashine pale mapokezi, kinasoma uso wako au namba ya siri, basi. Asiye nayo hupewa karatasi ya uthibitisho iitwayo "shikaku kakuninsho". Uwe na kimojawapo kila unapokwenda. Mtalii asiye na bima ya Japani analipa gharama yote mwenyewe, kwa hiyo atunze kila risiti kwa ajili ya bima yake ya safari.

Kuchagua kliniki

Japani ina kliniki za meno zaidi ya 60,000, nyingi kuliko maduka ya "konbini" unayoyaona kila kona. Tafuta alama mbili, 歯科, zinazosomwa "shika". Ukishazizoea utaziona juu ya duka la dawa, ghorofa ya pili karibu na stesheni, kila mahali.

Kabla ya kuamua, uliza jambo moja: "Hoken wa tsukaemasu ka?" Yaani, bima inatumika hapa? Lina uzito kuliko Kiingereza. Katika miji mikubwa zipo kliniki zinazojitangaza kwa wageni kwa Kiingereza kizuri, na baadhi yao hazipokei bima ya umma kabisa. Rafiki yangu Mrundi alikwenda kwenye mojawapo akitaka kusafishwa meno tu, akatoka amelipa gharama yote peke yake. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza, nao hawakuona sababu ya kusema.

Kutafuta kwenyewe si kazi. Wizara ya afya ina mfumo wa kutafuta hospitali na kliniki za nchi nzima uitwao Navii, ulioanza Aprili 2024, na unaweza kuchuja kwa lugha. Shirika la utalii la taifa, JNTO, nalo lina orodha ya vituo vinavyopokea wageni. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako huwa na kliniki mbili tatu wanazozijua, na ushauri wao nauamini kuliko nyota za mtandaoni.

Usikimbilie hospitali kubwa ya chuo kikuu ukidhani ndiko kuna Kiingereza. Ukienda bila barua ya rufaa, "shokaijo", hospitali kubwa hutoza ziada ya yeni 5,000 au zaidi kwa mgonjwa mpya wa meno, na bima haiigusi pesa hiyo. Anza kliniki ya mtaani. Kesi ikiwazidi, wao wenyewe watakuandikia barua.

Kupiga simu

Kliniki nyingi siku hizi zina fomu ya mtandaoni au hupokea miadi kwa LINE, programu ya ujumbe ya simu, na kwa asiyejua lugha hiyo ni nafuu kubwa. Ikibidi simu, sema sentensi tatu, polepole: "Yoyaku wo onegai shimasu. Hajimete desu. Ha ga itai desu." Naomba miadi. Ni mara yangu ya kwanza. Jino linauma. Matamshi yasikutie hofu. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na wenyeji watakuelewa upesi kuliko wanavyomwelewa Mwingereza.

Fahamu na saa zao. Wengi hufunga mchana kwa saa moja au mbili, hawafungui Jumapili, na hupumzika siku moja katikati ya wiki, mara nyingi Jumatano au Alhamisi. Jino likilipuka Jumapili, tovuti ya jiji lako itakuonyesha kituo cha dharura cha siku za mapumziko, ambacho kwa kawaida huendeshwa na chama cha madaktari wa meno wa eneo hilo. Pale watatuliza maumivu tu. Matibabu yenyewe utayafuata kliniki siku ya kazi.

Ukishapewa saa, fika dakika kumi kabla. Ukichelewa hata kidogo, piga simu. Mgonjwa wa saa nne kamili anaingia saa nne kamili, na aliye nyuma yako amepangiwa dakika zake.

Mlangoni na ile fomu

Kliniki nyingi ndogo unavua viatu mlangoni na kuvaa ndala zilizopangwa pale. Vaa soksi nzima. Toa kadi yako ya My Number au ile karatasi ya uthibitisho mapokezi, nawe utapewa karatasi iliyobanwa kwenye ubao: "monshinhyo", fomu ya maswali.

Fomu hii ndiyo mazungumzo yako na daktari. Mambo ambayo kwetu tungeyasema kwa mdomo, kule wanayasoma hapo kabla hujakaa kitini. Uliza kama wanayo ya Kiingereza. Wakiwa hawana, unaweza kuja na yako: wakfu wa kimataifa wa mkoa wa Kanagawa umeweka mtandaoni fomu za maswali za lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi, kila swali likiwa na Kijapani chake pembeni. Ichapishe na uijaze nyumbani kwa utulivu.

Maswali mengine ni ya kawaida: jino lipi, tangu lini, una ujauzito, unatumia dawa gani, umewahi kudhurika na dawa au sindano ya ganzi. Lakini yapo mawili ambayo mgeni huyapita haraka, na ndiyo yanayoamua safari nzima. La kwanza linauliza kama unataka kutibiwa pale panapouma tu au kila kilichoharibika mdomoni. La pili linauliza kama unataka matibabu ya bima peke yake au uko tayari kulipia ya ziada. Ukiliacha wazi, daktari atalazimika kukuelezea vifaa na bei kwa lugha usiyoijua huku umelala. Kama mfuko ni wa mwanafunzi, weka alama kwenye bima, na ukumbuke sentensi hii: "Hoken no han'i de onegai shimasu." Naomba iwe ndani ya bima.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo fomu haiyaulizi, nawe uyaandike chini kwa Kiingereza. Mwenye selimundu aandike, tena kwa herufi kubwa. Kijapani chake ni "kamajo sekkekkyusho", ugonjwa ambao daktari wa meno wa mtaani anaweza kuwa hajawahi kuuona kwa mgonjwa wake. Aliyeng'olewa "meno ya nailoni" utotoni huenda amekosa chonge, na picha itamshangaza daktari. Andika kwamba jino liliondolewa ukiwa mchanga.

Na sisi tuliokulia Arusha, Meru na Bonde la Ufa, tuna madoa ya kahawia yanayotokana na floraidi iliyomo kwenye maji. Mimi nilizoea kufunga mdomo nikipigwa picha. Nilikwenda Kobe nikiwa na hakika kwamba nitaulizwa kama navuta sigara. Daktari, mzee wa nywele nyeupe, aliyatazama kwa taa, akasogeza kiti chake na kusema neno moja, "hanjoshi". Akaandika kwenye karatasi kwa Kiingereza cha herufi za kuchapa kwamba ni maji, si uchafu, na kwamba watoto wa Takarazuka, mji wa jirani mkoani Hyogo, walipata madoa hayohayo, na habari zao zikavuma miaka ya 1970. Karatasi ile ninayo hadi leo. Lishike neno hilo, "hanjoshi", ulitamke wewe kwanza.

Kitini

Utaitwa kwa jina lako na neno "san". Daktari mwite "sensei" tu, jina si lazima. Kiti kinalala, na mara nyingi kitambaa laini kinawekwa juu ya macho yako ili taa na maji yasikusumbue. Wengi wetu hushtuka, maana ghafla huoni mtu na sauti zote ni za kigeni. Unaruhusiwa kukikataa. Gusa kitambaa, sema "nashi de", bila hicho.

Utasikia "akete", fungua. "Tojite", funga. "Kande", uma meno. "Kachikachi" ni kugonganisha meno, "girigiri" ni kuyasaga, na huku wanakuwekea karatasi ya rangi waone yanavyokutana. Kiti kikiinuka na ukaona kikombe kimejaa maji, sukutua. Kuna sentensi moja inayopita zote: "Itakattara, hidarite wo agete kudasai." Ukiumia, nyosha mkono wa kushoto. Wa kushoto kwa sababu daktari huwa amekaa kulia kwako, na mkono wa upande wake ungegonga vyombo. Ukinyosha, watasimama. Usijikaze kiume wala kike, ganzi huongezwa. Neno lake ni "masui".

Kueleza maumivu kwenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu Kijapani kimejaa tanakali za sauti kama lugha zetu. Jino linalopwita usiku, "zukizuki". Linalochomachoma, "chikuchiku". Linalosisimka kwa maji baridi, "shimiru". Linalouma ukitafuna, "kamu to itai". Onyesha kwa kidole, sema neno moja kati ya hayo, na daktari tayari ana nusu ya jibu.

Siku ya kwanza utapigwa eksirei, "rentogen", mara nyingi ile kubwa inayozunguka kichwa. Kisha daktari hupita jino kwa jino akiita herufi na namba, msaidizi anaandika. C ni jino lililooza. C1 limeoza ganda la juu, C2 limeingia ndani, C3 limefika kwenye neva, C4 imebaki mizizi. Kwenye fizi watapima kina kwa sindano butu na kutaja namba za milimita: mpaka 3 ni salama, 4 kwenda juu fizi zina tatizo. Unaweza kuomba chati hiyo uione. Mimi niliielewa yote bila kujua Kijapani.

Kwa nini wanakurudisha mara nyingi

Hapa ndipo wageni wengi hukasirika na kukata tamaa. Nilikwenda na gego moja, nikarudi mara sita. Siku ya kwanza hawakuliziba, walipiga picha, wakafungua, wakaweka dawa na kifuniko cha muda, wakaniomba nirudi wiki inayofuata. Nilidhani wananizungusha ili walipwe.

Ukweli ni kwamba matibabu yenyewe yamepangwa hivyo. Kila ziara ni kama dakika 30, na kazi hugawanywa. Kusafisha ugaga lazima kutanguliwe na kupimwa fizi, na mdomo wenye ugaga mwingi husafishwa kwa awamu. Jino la C3 linasafishwa mizizi, wanasubiri, wanalisafisha tena mpaka liwe safi, ndipo lijazwe. Kisha huchukuliwa umbo lake, fundi anatengeneza kofia ya kulifunika jino, na unarudi kuvalishwa. Ukihesabu, ziara tano au sita ni za kawaida.

Usiache katikati. Nasisitiza kwa sababu nimeona wenzangu watatu wakifanya hivyo: maumivu yanaisha baada ya ziara ya pili, mtu anaona amepona, mitihani inaingia. Kile kifuniko ni cha muda tu. Kinapasuka, mate yanaingia kwenye mzizi ulio wazi, na jino ambalo lingeokolewa linang'olewa.

Kama una tarehe ya kurudi nyumbani, waambie siku ya kwanza kabisa. "Sangatsu ni kikoku shimasu", nitarudi kwetu mwezi wa tatu. Watapanga ziara ziishe kabla, au watakuambia mapema kwamba muda hautoshi.

Kofia na pesa

Ziara ya kwanza yenye eksirei huangukia kama yeni 3,000 hadi 4,000 kwa mwenye bima, na nyingi zinazofuata huwa pungufu ya hapo. Beba noti, kliniki ndogo nyingi hazipokei kadi.

Uamuzi mkubwa huja kwenye kofia. Kwa miaka mingi bima ilijulikana kwa "ginba", jino la rangi ya fedha. Ni imara, ila linaonekana ukicheka. Siku hizi bima inalipia pia kofia nyeupe zinazochongwa kwa kompyuta, ingawa kwa magego kuna masharti. Uliza: "Shiroi no wa hoken de dekimasu ka?" Nyeupe inawezekana kwa bima? Kofia ya kauri iko nje ya bima na huweza kufika yeni 100,000 na kupita. Jino la kupandikiza ni laki kadhaa. Kung'arisha meno na nyaya za kunyoosha kwa ajili ya urembo navyo havimo. Kwa lolote la nje ya bima omba "mitsumorisho", makadirio ya maandishi, uende nayo nyumbani. Hakuna atakayekununia ukisema "kangaemasu", nitafikiria.

Mimi nilichukua ya fedha, wala sijutii, kwa sababu gego langu liko nyuma.

Dawa

Pengine utapewa dawa palepale, pengine cheti, "shohosen", cha kupeleka duka la dawa. Cheti hicho kinadumu siku nne tu ukihesabu na siku kilipoandikwa. Cha kutuliza maumivu mara nyingi ni Loxonin au Calonal. Calonal ni parasetamoli ileile tunayoijua. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito aseme kabla ya kupewa Loxonin. Duka litakupa kijitabu cha dawa, "okusuri techo", ambacho utaonyesha kila unapokwenda.

Kabla hujaondoka Japani

Utakuwa na kadi ya kliniki, "shinsatsuken", na wengi hutuma kadi ya posta au ujumbe kukukumbusha uchunguzi wa kila miezi mitatu hadi sita. Uitikie. Jino likigunduliwa C1 ni ziara moja, likifika C3 ni kama yangu.

Ziara ya mwisho omba nakala ya picha: "Rentogen no kopii wo kudasai." Wengine hukuchapia, wengine hukuwekea kwenye CD kwa ada ndogo. Omba pia waandike kwa Kiingereza jino lipi lilitibiwa na lilijazwa nini. Yangu niliifikisha Arusha. Daktari wa kwetu aliifungua kwenye kompyuta, akafuata mzizi kwa kalamu mpaka nchani, akaona umejaa vizuri, akasema gego hilo tusiliguse, tuangalie lile la jirani yake.